Kurekodi upya nyimbo za zamani za metali: mitambo imekuwa bora, mbona kazi hutoka dhaifu?

#1 MkandaMkavu

Wakuu, habari za jioni.

Bendi kongwe ya metali ikirudi pamoja baada ya kusambaratika, haipiti muda mrefu kabla haijaingia studio kurekodi upya zile nyimbo zilizoipa jina. Shabiki ananunua, anasikiliza mara mbili, halafu anarudi kwenye ya zamani. Maelezo ya kijiweni ni kwamba "zamani kulikuwa na roho". Sikatai, ila roho haina kipimo. Tempo (kasi ya wimbo, mipigo kwa dakika) ina kipimo, unene wa nyuzi una kipimo, koo lina umri, na mkataba una vifungu. Naomba humu tujadili hivyo.

Tusichanganye mambo matatu. Kusafisha masta ni kuchukua ule mkanda wa mwisho wa chaneli mbili na kuurekebisha sauti. Kumiksi upya ni kurudi kwenye mkanda wa chaneli 24, ambao vyombo bado vimetenganishwa, na kupanga vyombo kwa namna nyingine. Kurekodi upya ni watu kushika vyombo na kupiga tena. Uzi huu ni wa hilo la tatu.

Mifano mitatu ya kuanzia. Exodus wa California walirekodi Bonded by Blood mwaka 1984, ikatoka 1985, mwimbaji akiwa Paul Baloff. Walivunjika, wakarudi 1997 wakiwa na Baloff na kutoa rekodi ya jukwaani. Baloff akafariki Februari 2002. Mwaka 2008 wakairekodi albamu yote upya kwa jina Let There Be Blood, Rob Dukes akiimba. Waliokuwepo kwenye rekodi ya kwanza walikuwa wawili tu: Gary Holt kwenye gitaa na Tom Hunting kwenye drams. Testament nao, mwaka 2001, walitoa First Strike Still Deadly, nyimbo za albamu zao mbili za mwanzo za 1987 na 1988. Alex Skolnick alirudi kwenye gitaa kwa kazi hiyo, na Steve Souza, aliyeimba kabla ya Chuck Billy, akapewa nyimbo mbili. Sodom wa Ujerumani mwaka 2007 waliwakusanya watatu wale wale wa mwanzo, wakarudia nyimbo tano za rekodi yao fupi ya kwanza na kuongeza saba za enzi hiyo.

Kwa sikio langu Testament walifaulu. Sodom walifaulu kwa ule ubovu wao mtamu. Exodus walipiga kwa usahihi kuliko mara ya kwanza na bado wakapoteza kitu. Hoja yangu: kazi hizi huharibika kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kurekodi. Nani ana haki, tempo gani, nyuzi zimefungwa wapi, koo linaweza nini. Ukikosea hapo, hakuna fundi wa kumiksi wa kukuokoa.

#2 RifuNzito

Mkuu, umeuacha mfano ulio safi kuliko yote: Twisted Sister. Stay Hungry ya 1984, iliyosimamiwa na Tom Werman, ilifikia platinamu tatu Marekani, yaani nakala milioni tatu. Pamoja na mauzo hayo, bendi ililalamika hadharani miaka nenda miaka rudi kwamba gitaa zililainishwa mno. Wakavunjika miaka ya 1980 ikiishia, wakapanda jukwaani pamoja tena New York Novemba 2001 katika onyesho la kuchangia waathirika wa Septemba 11, na mwaka 2004 wakatoa Still Hungry, albamu ile ile imerekodiwa upya.

Kwa nini nauita safi? Kwa sababu wapigaji ni wale wale watano: Snider, French, Ojeda, Mendoza, Pero. Kisingizio cha "mwimbaji kabadilika" hakipo. Ulikuwa mtihani wa jambo moja tu: je, gitaa nzito zingeifanya albamu ile iwe bora?

Jibu langu ni hapana. Nyimbo zile zilijengwa juu ya kiitikio cha kuimbwa na umati. Miksi ya 1984 iliacha uwazi katikati, kwenye eneo la herzi 1,000 hadi 4,000 ambako sauti ya mtu husikika wazi. Ukijaza gitaa nne hapo, sauti inabidi ipambane. Gitaa zimeshinda, kiitikio kimerudi nyuma hatua moja. Msimamizi waliyemlaumu alikuwa anajua anachokifanya, hata kama walichokitaka wao kilikuwa kingine.

#3 Wakili_wa_Rifu

Niingie kwenye haki, maana wengi hudhani bendi hurekodi upya kwa kukosa nyimbo mpya. Mara nyingi sababu ni karatasi.

Kila rekodi ina hakimiliki mbili: ya utunzi (maneno na muziki) na ya masta (ile rekodi yenyewe). Mikataba ya lebo ya miaka ya 1980 iliiweka masta mikononi mwa lebo. Utunzi ulibaki kwa mtunzi au kwa mchapishaji wake. Kampuni ya filamu, tangazo au mchezo wa video ikitaka wimbo, inahitaji ruhusa zote mbili. Bendi ikirekodi upya inakuwa na masta yake, na upande huo wa malipo unaingia kwake.

Sheria ya Marekani, kifungu cha 114(b), inaruhusu hili: mwenye masta anamiliki sauti zilizonaswa kwenye rekodi yake, hamiliki haki ya kuzuia rekodi nyingine huru inayofanana nayo, hata ikifanana kama shilingi kwa ya pili. Kinachoizuia bendi ni mkataba wake yenyewe. Kifungu cha kawaida cha zamani kilikataza kurekodi tena wimbo ule ule kwa miaka 5 tangu utoke, au miaka 2 tangu mkataba uishe, ule muda utakaochelewa zaidi. Bendi ya 1984 inayorudiana baada ya 2000 imeshavuka hapo zamani. Siku hizi lebo zinaomba miaka 10 na kuendelea.

Malipo ya utunzi hayakwepeki. Mwaka 2024 kiwango cha kisheria Marekani kwa nakala ya diski au ya kupakua kilikuwa senti 12.4 kwa wimbo usiozidi dakika 5, na ukizidi ni senti 2.39 kwa kila dakika. Diski ya nyimbo 10 fupi ni dola 1.24. Ukichapa diski 1,000 umeshadaiwa dola 1,240 kabla ya karatasi ya jalada. Kama watunzi ni hao hao wanabendi na hawajauza utunzi, fedha inatoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Kama waliuza, inakwenda kwa mwenye nao.

Hapo ndipo bendi nyingi hukosea hesabu. Kurekodi upya hakurudishi utunzi. Mtu anatumia mwezi mzima studio, kisha anagundua kwamba mchapishaji anaweza kuukatalia wimbo usiingie kwenye filamu.

Kosa la pili: mwanabendi wa zamani ambaye hayupo kwenye kundi lililorudi. Jina lake likiwa kwenye utunzi, mgao wake ni ule ule hata asipoalikwa. Thibitisheni asilimia kwa maandishi kabla, maana makubaliano ya mdomo ya vijana wa miaka 20 huwa kesi ya wazee wa miaka 55.

Na wakati mwingine kurekodi upya hutumika kuondoa kisichokuwa chako. Dimmu Borgir wa Norway walipoirudia Stormblåst mwaka 2005 waliziacha nje sehemu za kinanda za toleo la 1996, baada ya kujulikana kwamba zilichukuliwa kutoka muziki wa watu wengine, mmojawapo ukiwa wa mchezo wa kompyuta.

#4 Kijana_wa_Dabo

Swali la mgeni. Kama tatizo ni gitaa laini, kwa nini wasichukue mkanda wa chaneli 24 wakamiksi upya tu? Kazi ndogo, na sauti ya ujana ipo pale pale.

#5 MkandaMkavu

Swali zuri, mdogo wangu. Mambo mawili yanazuia.

La kwanza ni umiliki: mkanda ni wa lebo, na miksi mpya inabaki mali ya lebo. La pili ni hali ya mkanda wenyewe. Mikanda mingi ya enzi ile, Ampex 456 ikitajwa sana, ina gundi inayofyonza unyevu wa hewa. Ukiucheza hivyo hivyo unalia kama mlango usio na mafuta, unaacha tope la kahawia kwenye vichwa vya mashine, na tope lile ndiyo muziki wenyewe unaobanduka. Dawa ni kuuoka: joto la nyuzi 50 hadi 55 za selsiasi, linalodhibitiwa, saa 8 kwa mkanda mwembamba, na wa inchi 2 hukaa muda mrefu zaidi. Usitumie oveni ya jikoni, joto lake hupanda na kushuka. Ukishaokwa una wiki chache za kuunakili kabla unyevu haujarudi. Na mikanda ya zamani zaidi, ya asetati, haiokwi kabisa, inaharibika.

Ujue pia wingi wake. Gurudumu la futi 2,500 likienda kwa inchi 30 kwa sekunde linatoa dakika 16 na nusu hivi. Albamu ya dakika 40 ni magurudumu matatu kwa uchache, na likipotea moja umepoteza theluthi.

Kuna njia ya katikati, na ni mbaya kuliko zote: kubaki na sehemu za zamani na kubadilisha nyingine. Mwaka 2002 albamu mbili za kwanza za Ozzy Osbourne zilitolewa tena besi na drams za asili zikiwa zimefutwa na kupigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin, katikati ya mgogoro wa mirabaha na Bob Daisley na Lee Kerslake waliopiga mwanzo. Gitaa la Randy Rhoads lilirekodiwa likiegemea drams za Kerslake, ukimtoa Kerslake linaning'inia. Toleo la 2011 liliwarudisha wapigaji wa asili.

#6 BiMitambo

Nimesoma hadi hapa nikangoja mtu ataje ramani ya tempo, yaani orodha ya kasi ya wimbo sehemu kwa sehemu. Hakuna. Basi nianze, maana ndipo kazi nyingi hufia.

Metali ya 1983 hadi 1987 kwa sehemu kubwa ilirekodiwa bila kliki, ule mdundo wa mashine masikioni unaoshikilia kasi. Mpiga drams aliingia na bendi, ubeti ukaenda hivi, kiitikio kikasogea mbele kidogo, baada ya solo kila mtu damu imechemka. Ukiweka kliki moja iliyonyooka kwa wimbo mzima, umeunyoosha mto.

Fanyeni hivi. Tafuteni CD ya toleo la mwanzo, msitumie santuri kwa sababu kasi ya mashine ya santuri yenyewe haiaminiki. Kabla ya tempo, pimeni kimo. Tafuteni mahali gitaa linapopiga E wazi (uzi bila kubonyezwa) peke yake, liwekeni kwenye kipima sauti. Msishangae likisoma senti 20 au 35 juu (senti za kimo, 100 ni nusu hatua), kwani mafundi walikuwa wakiongeza kasi ya mkanda kidogo ili wimbo usikike na nguvu. Kasi ikipanda asilimia 2, kimo hupanda senti 34. Asilimia 3 ni senti 51. Nusu hatua nzima ni karibu asilimia 6, na hapo tempo ya 200 inakuwa 212. Kwa hiyo kasi mnayoisikia kwenye CD huenda hakuna aliyewahi kuipiga kwa mikono. Mkijilazimisha kuifikia, mpiga gitaa wa miaka 55 anashindana na injini ya mashine ya mkanda.

Kisha wekeni alama kwenye mpigo wa kwanza wa kila mzunguko wa mipigo minne. Kwa mkono. Programu za kubahatisha tempo huchanganyikiwa na drams za kasi na kuleta nusu au mara mbili. Wimbo wa dakika nne na nusu wenye tempo 200 una mizunguko 225, ni kazi ya saa nzima kwa mtu mtulivu. Mtapata, tuseme, ubeti 196, kiitikio 201, mwisho 206.

Sasa msiipe programu namba zote 225. Mabadiliko ya mzunguko kwa mzunguko ni kutetemeka kwa binadamu, na binadamu mwingine hawezi kuyafuata kwenye vipokea sauti. Chukueni wastani wa kila sehemu, halafu mpandisho uanze mizunguko miwili kabla ya kiitikio. Hapo drams zinakwenda kwenye kliki na bado wimbo unapumua pale ulipopumua 1984.

Kosa la kila siku: fundi anasawazisha drams kwenye gridi (mistari ya kliki kwenye kompyuta) asilimia 100 baada ya kurekodi. Kwenye tempo ya 220, noti moja ya kumi na sita ni milisekunde 68. Mpiga drams aliyezoea kuitanguliza snea milisekunde 8 ameitanguliza kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya noti, na hiyo ndiyo sahihi yake. Ukiifuta umemfuta.

#7 RifuNzito

Dada, nakupinga kidogo. Kwa nini kuifuata ramani ya 1984 hata kidogo? Bendi iliyorudi imekuwa ikizipiga nyimbo hizi jukwaani kwa kasi yake ya sasa. Hiyo ndiyo tempo yao ya kweli. Anthrax mwaka 2004 walifanya The Greater of Two Evils kwa kupiga moja kwa moja ndani ya studio, nyimbo zikiwa zimechaguliwa kwa kura za mashabiki, John Bush akiimba nyimbo za waimbaji waliomtangulia. Haijifanyi ya zamani, na inasikika ya watu walio hai.

#8 BiMitambo

Hoja nimeipokea, ila tenganisha mambo mawili. Anthrax ile inafaa kwa sababu ilikusudiwa kuwa picha ya bendi ilivyo sasa, na ilirekodiwa wote pamoja. Ukitaka hivyo, tupa kliki kabisa, piga wimbo mara nne, chagua mmoja mzima. Ila usichukue tempo ya jukwaani ukairekodi chombo kimoja kimoja juu ya kliki. Jukwaani kasi huongezeka kwa sababu ya umati, na masikio ya umati hayadai kila noti ya rifu, ule msururu mfupi wa gitaa unaojirudia. Studio inadai. Rifu yenye mipigo ya kushuka tupu ikitoka 200 kwenda 215, mkono unaanza kudanganya kwa kupanda na kushuka, na ule ukali wa thrashi (metali ya kasi) unageuka mchakacho. Huo ndio ugonjwa ninaousikia kwenye rekodi nyingi za kurudia.

#9 NyuziNene

Hapo kwa mkono ndipo nilipopasubiri.

Bendi ikizeeka hushusha nyuzi ili mwimbaji afike. Ni sawa, ila watu hushusha na kuacha nyuzi zile zile. Gitaa la E likishushwa nusu hatua, mkazo wa uzi hupungua kwa asilimia 11. Hatua nzima hadi D, hupungua asilimia 21. Uzi uliolegea hivyo ukipigwa kwa nguvu hupanda senti kadhaa mwanzoni mwa noti kisha hurudi, na ukiwa na gitaa nne zinazofanya hivyo kila moja kwa wakati wake, unapata ukungu. Watu hulaumu ampu.

Hesabu ni rahisi. Ili mkazo ubaki ule ule, unene uzidishwe kwa kiasi kile kile kimo kilichoshuka. Seti ya 10 hadi 46 kwa E inakuwa takriban 10.5 hadi 49 kwa nusu hatua, na 11 hadi 52 kwa hatua nzima. Mkibadilisha unene, rekebisheni shingo, panueni mfereji wa uzi kwenye mfupa wa juu kama uzi hauingii vizuri, kisha sogezeni vitandiko vya daraja hadi noti ya kibonyezo cha 12 iwe oktavu moja kamili juu ya ile ya wazi. Fanyeni hivyo wiki moja kabla. Shingo ya mbao haitulii siku moja.

Nyuzi mpya kila baada ya nyimbo mbili za rifu. Kupima kimo kila jaribio, tena mkipiga kwa nguvu ile ile ya kurekodi. Kupima kwa kugusa taratibu kutawadanganya.

Ampu: kosa la kurudia ni ukali kupita kiasi. Marshall JCM800 ya enzi ile, ikiwa na Tube Screamer mbele yenye draivu karibu sifuri na sauti ya kutokea imepandishwa, ilitosha. Ile kanyagio kazi yake ni kukata besi kabla ya ampu, hivyo noti za kuziba kwa kiganja zinakaza. Ukirekodi kila rifu mara mbili kwa kila mpigaji, punguza ukali robo nzima kuliko unavyodhani, maana kelele za gitaa nne hujumlishwa. Na rekodini sambamba ishara kavu kutoka kwenye gitaa moja kwa moja. Ampu ikikataa baadaye, mnaipitisha ishara ile upya bila kumwita mtu kutoka mji mwingine.

#10 Kijana_wa_Dabo

Na drams? Kuna anayebadilisha ngoma ya mguu yote kwa sauti za kompyuta. Ni kosa?

#11 BiMitambo

Ikibadilishwa yote, miguu miwili ya kasi inageuka taipureta. Changanya asilimia 30 au 40 chini ya maiki halisi, na sauti za kuchanganya zitoke kwenye ngoma ile ile iliyorekodiwa asubuhi, viwango vinne vitano vya nguvu. Ngozi ya juu ya snea ibadilishwe kila nyimbo tatu. Maiki ya chini ya snea igeuzwe polariti (wimbi lake lipinduliwe), la sivyo ngoma inakonda na mtahangaika na ikwalaiza bure. Sina zaidi, drams zikiwa zimepigwa vizuri hazina maneno mengi.

#12 MkandaMkavu

Koo sasa. Mfano unaofundisha zaidi ni Def Leppard, ingawa wengine watasema si metali tena. Mwaka 2012, wakiwa wamegombana na lebo kuhusu malipo ya nakala za kidijitali, walirekodi upya Pour Some Sugar on Me na Rock of Ages wakikusudia zifanane kabisa na za asili. Joe Elliott mwenyewe aliziita za kughushi, na alieleza kwamba kulirudisha koo kwenye umbo la miaka ya 1980 ndiyo ilikuwa kazi kubwa. Mgogoro uliisha, na Januari 2018 nyimbo za asili zikaingia kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni. Zile za kughushi zilikuwa fimbo ya mazungumzo, na kama fimbo zilifanya kazi.

Kwa bendi isiyotaka kughushi, utaratibu huu: kimo kiamuliwe na kiitikio cha mwisho cha wimbo mgumu kuliko yote, mwimbaji akiwa amechoka. Mazoezi ya asubuhi akiwa na pumzi mpya hayaamui kitu. Saa mbili za kuimba kwa siku, nyimbo mbili basi. Mistari ya kawaida kwanza, mayowe mwishoni mwa kipindi, kwa sababu baada ya mayowe koo limevimba na hakuna kingine kitakachotoka safi. Majaribio manne hadi sita kwa kila ubeti. Zaidi ya hapo hukusanyi ubora, unakusanya uchovu.

Kiitikio cha kundi, kile cha kupiga kelele pamoja: watu 6 hadi 8, warudie mara nne, na kila mara wabadilishane nafasi mbele ya maiki. Herufi ya mwisho ya neno, hasa "s" na "t", itamkwe na mmoja tu, wengine waimeze. La sivyo mnapata mvua ya mawe mwisho wa kila mstari.

Na kuna sauti zisizorudika kabisa. Manowar walipoirekodi upya Battle Hymns, iliyotoka 2010, simulizi ya Orson Welles ya 1982 haikuwezekana kurudiwa, alikuwa amefariki 1985. Wakamweka Christopher Lee. Hawakuiga, walitafuta uzito unaolingana. Ndivyo ningetaka Exodus wafanye na nafasi ya Baloff: kutunga upya jinsi mistari inavyotamkwa. Dukes alikuwa na koo kubwa, ila aliwekwa kwenye viatu vya mtu ambaye ubovu wake wa kuimba ndio uliokuwa mtindo. Rekodi ya jukwaani ya 1997, Baloff mwenyewe akiwa hai mbele ya umati wa nyumbani, ilikuwa tayari imefanya kazi hiyo.

#13 MzeeWaSanturi

Wanangu, hii si tofauti na zilipendwa zetu. Bendi ya dansi inarudia kibao cha miaka ya 1970, kinanda kinachukua nafasi ya tarumbeta, wazee tunanuna.

#14 MkandaMkavu

Shikamoo mzee. Tofauti ni moja, na inazipa bendi zetu haki zaidi ya kurudia. Rekodi nyingi za Radio Tanzania zilipigwa bendi nzima kwa mkupuo, ala na sauti zikaingia pamoja. Hakuna mkanda wa chaneli 24 wa kuutenganisha. Ukitaka besi isikike zaidi, njia ni kupiga tena. Metali wana chaguo la kumiksi upya, sisi mara nyingi hatuna. Ila kuhusu tarumbeta niko upande wako.

#15 RifuNzito

Nimalizie miksi. Mwangwi wa snea wa enzi ile ulikuwa wa kukatwa ghafla, kama theluthi ya sekunde. Rekodi za kurudia huuondoa kwa kuona aibu, kisha snea inabaki kavu na wimbo unaonekana mdogo. Usiuondoe, upunguze nusu.

Gitaa zikatwe chini ya herzi 80 hadi 100, besi iachiwe nyumba yake. Eneo la 120 hadi 200 lidhibitiwe kwa kikandamizi kinachogusa eneo hilo tu, kwa sababu noti za kuziba kwa kiganja hurundikana hapo na kuzizima ngoma za mguu.

Masta: Spotify hulinganisha nyimbo kwenye takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Ukiipeleka -7 inashushwa desibeli 7, na ulichopata ni wimbo uliobanwa unaosikika mdogo kando ya ule wa 1984 ambao haukubanwa. Linganisheni toleo jipya na la zamani kwa sauti sawa kabla ya kutia sahihi. Kwa santuri, upande mmoja usizidi dakika 22, na besi za chini kabisa ziwe katikati, zisitawanywe kushoto na kulia.

#16 Wakili_wa_Rifu

Kabla hamjapakia: kila wimbo uliorekodiwa upya unapewa namba mpya ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi. Msitumie ya zamani, hata kama jina ni lile lile na wapigaji ni wale wale. Ukiitumia, mifumo inazichukulia rekodi mbili kama moja, na malipo ya masta yenu yanaelekea kwa lebo mliyokuwa mnaikimbia. Pia andikeni kwenye jina kwamba ni toleo lililorekodiwa upya, na mwaka. Redio za mtandaoni za Marekani zinazolipa kupitia SoundExchange, shirika linalokusanya malipo ya rekodi, hugawa asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wapigaji wa pembeni. Hiyo 50 ndiyo mliyoifuata studio.

#17 Kijana_wa_Dabo

Na mpiga besi wa zamani aliyeitwa kupiga nyimbo mbili tu kati ya kumi, anaingia kwenye 45 au kwenye 5?

#18 Wakili_wa_Rifu

Inategemea ameandikwa nini kwenye karatasi mliyosaini siku ya kwanza. Akiandikwa mwanabendi, yumo kwenye 45 ya nyimbo hizo mbili. Akiandikwa mpigaji wa kukodi, ni 5. Asipoandikwa popote, andaeni nauli ya mahakamani.